Mshumaa Uliobaki Juu ya Jiwe

Tuanze na la mwisho, msomaji asikae roho juu: wote wanane walioingia pangoni siku ile walitoka wazima, na hasara yote ilikuwa kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Hata hivyo, mpaka leo ukimtajia Florinda Tzalam ile Oktoba, huweka chini alichoshika, hata kama ni mtoto wa mtu.

Florinda ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Alizaliwa Seraxpek, kijiji cha Wamaya kilichoning'inia juu ya mto Cahabón katikati ya mahindi na iliki, na hapo ndipo alipo. Mumewe Efraín hukata michikichi huko Petén na hurudi kwa Krismasi akiwa amekonda. Mambo ya kila siku kaachiwa Florinda, na Florinda hayaogopi.

Baba yake, mzee Crisóstomo, ndiye aliyekuwa akiwatangulia wazee pangoni kila mwaka kabla ya kupanda mahindi, kwenda kumwomba ruhusa Mwenye Mlima. Florinda alipotimiza miaka tisa alipewa kazi ya kubeba mishumaa. Kule ndani, ubani ukifuka na popo wakipita juu ya vichwa vyao, utepe wake mwekundu wa nywele ukamdondoka majini. Alitaka kuinama auokote. Baba yake akamshika bega, akamweleza kwamba humu si porini, humu ni ghalani kwa mtu. Mahindi, wanyama na maji ya dunia hutoka humu, na kitu ukikiacha humu, mwenyewe anahesabu umempa.

"Umeshampa," mzee alisema. "Zawadi hairudishwi."

Utepe ule hakuuona tena, na maneno yale hayakumtoka kichwani.

Alipokuwa mtu mzima, vijana wa mabegi mgongoni walianza kumiminika, wakitoka nchi ambazo watu wa Seraxpek walizijua kwa mpira tu. Walitaka kuogelea gizani na mshumaa mkononi, na kwa taabu hiyo walikuwa tayari kulipa. Wanaume wa kijiji wakaunda kamati ya waongozaji. Florinda alipoomba kujiunga, walicheka mpaka mwenyekiti akajifuta machozi. Walisema pango lina matundu membamba na yeye si mwembamba. Walisema siku akifungua mdomo mle ndani popo watahama. Jumapili iliyofuata Florinda aliogelea madimbwi yote matatu mbele ya macho yao, na sketi yake nzito ya kienyeji, mshumaa ameuinua juu, akatokea upande wa pili moto ukiwaka. Mshumaa wa mwenyekiti, aliyemfuata, ulizimika kwenye dimbwi la kwanza. Florinda akaandikwa.

Kwa miaka kumi na mbili hakuwahi kuacha mtu ndani, na hilo alimwambia kila aliyemsikiliza, na wasiomsikiliza pia.

Namna yake ya kuhesabu watu ilikuwa ile ya baba yake. Mbele ya mlango wa pango, mahali mwamba ulipojitokeza kama baraza, pana jiwe bapa lisilofikiwa na mvua. Hapo Florinda huwasha kwanza mshumaa wa Mwenye Mlima, kisha huwasha mmoja kwa kila anayeingia, yeye mwenyewe akiwemo. Mtu akitoka, huzima mmoja kwa vidole, wowote ule. Ukibaki mmoja unaowaka, basi watu wote wako nje. Huo uliobaki ni wa mwenyewe, na huachwa mpaka uishe. Hakuna karatasi wala orodha. Kwa mishumaa hiyo wazee wa Seraxpek waliingia na kutoka tangu mababu, na hakuna aliyeona haja ya kuongeza kitu.

Sasa, mwaka ule kamati ilimpokea Arnulfo Choc, mdogo wake Efraín, yaani shemeji yake Florinda. Arnulfo ni mtu mpole, mrefu kama bua la mahindi yaliyotiwa mbolea, na mwaka huohuo alikuwa ameokoka katika kanisa la bati lililoko njia panda. Aliacha pombe, akaacha ngoma za mtakatifu wa kijiji, akaacha na mishumaa. Hilo kwetu si jambo geni. Nusu ya nyumba zimeokoka, nusu bado, na watu hula meza moja wakizikwepa mada. Florinda alijua kuwa shemeji yake ameokoka. Alichokuwa hajafikiria ni kwamba wokovu ungefika mpaka kwenye jiwe lake.

Asubuhi ile palikuwa na manyunyu. Pikapu ilishusha wageni saba, ambao walikuwa wamejuana muda wa safari hiyo tu: mume na mke wa Kifaransa, ndugu wawili wa Kanada, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichechemea, kijana wa Chile aitwaye Lautaro ambaye mdomo haumfungiki, na binti wa Kipolandi, Jagoda, aliyesafiri peke yake na kusema pale tu alipoulizwa. Kabla ya yote Florinda aliingia peke yake kukagua kamba na mstari. Mstari huo mweupe kamati iliupaka ukutani, kwenye dimbwi la kwanza: maji yakiugusa, hakuna safari, hata aje rais. Aliyakuta maji yako chini ya mstari kwa upana wa kiganja na nusu. Akatosheka.

Huku nje alikuwa amemwachia Arnulfo awashe mishumaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Arnulfo akahesabu wageni saba na shemeji yake, akawasha minane, akaishia hapo. Hakusema neno, kwa sababu hakutaka ugomvi mbele ya wageni. Florinda aliporudi aliona safu ya moto juu ya jiwe, akaridhika. Nani atahesabu mishumaa aliyoizoea tangu utotoni?

Aliwapa wageni maelezo yake ya siku zote. Kila mmoja amwangalie aliye nyuma yake. Asiguse mawe yanayoning'inia. Na mshumaa ukimzimikia mtu akabaki gizani, akae chini papo hapo. "Usinitafute. Nitakutafuta mimi," aliwaambia. "Jiwe halipotei kwa sababu halitembei. Kuwa jiwe." Wakacheka, wakaingia mmoja mmoja, Jagoda wa mwisho, mbele yake Lautaro. Arnulfo akapanda pikipiki kwenda kijijini kuchukua mikate ya maharage ya chakula cha mchana.

Mle ndani kila kitu kilikwenda vizuri, au kilionekana hivyo. Waliogelea, walipanda ngazi ya chuma, waliteremka kwa makalio kwenye tundu lile ambalo kamati ilisema halitampitisha Florinda. Lautaro aliiga sauti za popo na kuwavunja mbavu wale ndugu wawili. Ilipopita saa sita mchana walikuwa wanatoka, na huko nje manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua ya kupiga bati. Kila aliyetoka alizima mshumaa mmoja na kukimbilia kibandani chini ya kilima. Florinda alikuwa ametangulia, amembeba yule mama wa makamo kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba, na alipokuwa anamtua mlangoni wengine wakampita mbio. Kwanza akazima wake na wa mama huyo, kisha akageuka kulitazama jiwe. Mshumaa mmoja ulikuwa unawaka. Akamshukuru Mwenye Mlima kwa ukarimu wake, akateremka.

Kibandani palikuwa na moto, moshi na sufuria ya kakao. Florinda aliwamiminia walionyoosha mikono. Asiyekuwepo na lake halipo; wala hakuna aliyeuliza kikombe cha binti ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema maneno kumi. Wale ndugu walikuwa wanakamua soksi. Lautaro alikuwa anasimulia jinsi alivyokuwa shujaa.

Baada ya nusu saa hivi Arnulfo akafika, ameloa chapachapa, kapu la mikate kalifunika kwa nailoni. Florinda akampelekea kikombe.

"Mshumaa wako leo umekaza, shemeji. Mvua yote hii na bado unawaka."

Arnulfo akauliza mshumaa gani.

"Wa Mwenye Mlima. Umebaki peke yake kule juu."

Arnulfo hakupokea kikombe. "Shemeji, ule mimi siwashi. Unajua siwashi," alisema taratibu. "Mliingia wanane. Niliwasha minane."

Florinda aliweka kikombe chini. Akahesabu watu kwa kidole, kisha akaanzia upande wa pili akahesabu tena. Sita. Wa saba yeye. Akauliza yuko wapi yule binti. Lautaro alisema alidhani ametangulia. Mume wa Kifaransa alisema alidhani amelala kwenye pikapu. Yule mama alianza kulia kabla hajaelewa vizuri. Florinda akanyakua tochi mbili.

Yeye na Arnulfo walikimbia kupanda kilima. Mshumaa ulikuwa bado unawaka juu ya jiwe, mdogo, mtulivu, na safari hii wote wawili walijua ni wa nani. Kwenye dimbwi la kwanza Florinda alimulika ukuta. Mstari mweupe haukuonekana. Maji yalikuwa yamekwisha kuupita, na bado mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani.

Kwa sheria aliyoitetea yeye mwenyewe kikaoni, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia. Arnulfo alivua shati akasema ataingia yeye. Lautaro naye alikuwa amewafuata, uso umempauka, akasema kosa ni lake kwani binti alikuwa nyuma yake.

"Wewe kaa hapo," Florinda alimwambia. "Ukipotea na wewe, nitatafuta wangapi? Shemeji, wewe ni mrefu, shika kamba. Mimi ndiye niliyemwambia nitamtafuta."

Alijifunga kamba kiunoni, akatia tochi ya pili kifuani, akaingia majini. Na alipokuwa akiogelea, kwa sauti, kwa lugha ya baba yake, alizungumza na yule ambaye sisi humwita Tzuultaq'a, yaani Mwenye Mlima, kama mtu anavyozungumza na jirani aliyemkosea.

"Bwana, yule binti sikukupa. Usimhesabu. Nimemsahau. Ni uzembe wangu, si zawadi. Nimekuja kumchukua."

Nyuma yake, kamba mikononi, Arnulfo alikuwa anamwita Yesu wake kwa sauti ya kanisani. Mlima siku hiyo ulisikia maombi ya pande mbili kwa wakati mmoja, na haukulalamika.

Dimbwi la pili lilikuwa linachemka. Maporomoko yaliyokuwa yakitiririka asubuhi sasa yalinguruma, na Florinda alielewa kwamba mtu angeweza kupiga kelele hapo siku nzima bila kusikika. Alimulika kulia, akamulika kushoto. Juu ya rafu ya mwamba, mahali popo hulala, mwanga ukagonga unyayo mweupe usio na kiatu.

Jagoda alikuwa amekaa. Amekumbatia magoti, maji yamefika ukingoni mwa ile rafu, midomo ya buluu. Aliutazama mwanga ukija na hakuinuka, kwa sababu aliambiwa asiinuke.

Florinda aliifikia rafu, akanyoosha mkono, akauweka juu ya kile kichwa kilicholowa.

"Nane," alisema. Kisha akasema tena, "Nane."

Halafu akalia. Mwanamke aliyeinyamazisha kamati nzima, aliyemzika mama yake bila chozi mbele za watu, alilia kwa sauti katikati ya maji, na binti aliyekuja kuokolewa ndiye aliyekuwa anampigapiga mgongoni. Kuna furaha ambayo haina sherehe ndani yake, ni kupumua tu. Mtu ameshika shingo yako halafu ameiachia. Florinda alipumua. Akamfunga binti kamba, akaivuta mara tatu, na Arnulfo kule mwisho akaanza kuvuta kama anayemtoa ng'ombe matopeni.

Nje, chini ya mwamba, walimvika Jagoda shati la Arnulfo lililokamuliwa, lililomfika magotini. Lautaro alimwomba radhi mara nyingi mpaka akamwambia anyamaze. Maneno ya Kihispania ya binti yalikuwa ya darasani, mafupi, lakini yalieleweka. Kiatu kilimvuka kwenye dimbwi la pili. Aliinama kukipapasa, mshumaa ukaingia maji, na alipoinua kichwa palikuwa na giza tupu. Aliita, maporomoko yakameza sauti. Basi akapapasa mpaka akapata mahali pa kukaa, akakaa.

Florinda angeweza kuliacha lipite. Binti alikuwa hai, wageni waliopanda kuwafuata walikuwa wanampongeza, na Lautaro alikwisha kujitwika lawama yote. Lakini alichuchumaa mbele ya binti.

"Sikuwa nikikutafuta," alimwambia. "Nilikuwa nakunywa kakao. Nusu saa nzima. Sikujua hata kama hupo."

Jagoda alijikunyata ndani ya shati.

"Mimi nilijua utakuja," alisema. "Ulisema. Kwa hiyo nilikungoja." Kisha akatazama kule kibandani. "Kakao imebaki?"

Arnulfo ndiye aliyeanza kucheka, yule mpole, akafuatia Lautaro, na Florinda akacheka huku machozi bado yanamtiririka, mpaka akashika ukuta. Arnulfo alipopata pumzi aliuliza kama maji yakipungua kesho aende akakitafute kile kiatu.

"Kiatu amepewa," Florinda alisema. "Kiache."

Kabla ya kuteremka, alimwonyesha Jagoda jiwe. Binti akalowesha vidole kwa ulimi, akaubana utambi. Ulikuwa mshumaa wa mwisho. Jiwe likabaki na moshi mwembamba tu, na hapo Florinda akaona lilivyokuwa tupu tangu asubuhi, bila moto wa mwenyewe, na mwenyewe hakuchukua ila kiatu. Akachomoa mshumaa mpya kwenye mfuko wake wa nailoni. Kiberiti kilikuwa kimelowa, kila njiti ikamvunjikia.

Alipokuwa akikimbia kupanda kilima alikuwa amemwandalia shemeji yake matusi ya kutosha mwaka mzima. Sasa alipoyatafuta hakuyapata. Yeye hakuuliza, Arnulfo hakusema. Watu wawili wa ukoo mmoja walikwepa neno moja, na neno hilo lilikuwa na urefu wa mshumaa. Arnulfo aliingiza mkono mfukoni mwa suruali, akatoa kiberiti chake cha gesi, akampa.

"Mimi siwashi," alisema. "Washa wewe. Moto ni moto tu."

Florinda akawasha. Walisimama wote, walioamini na wasioamini, wakiutazama mpaka ulipokamata vizuri. Halafu wakashuka kwenda kunywa kakao, na Jagoda alikunywa vikombe vitatu.

Jumatatu Florinda alijipeleka mwenyewe mbele ya kamati, akasema yote, hata la kuvuka mstari. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesubiri siku hiyo kwa miaka kumi na mbili, alipoipata alimsogezea kiti kwanza. Wakamsimamisha wiki mbili. Alizitumia kupalilia iliki, na majirani wanasema alikuwa akiimba shambani, na alikuwa anaimba vibaya.

Mishumaa bado ipo. Wa Mwenye Mlima huwashwa na Florinda, iliyobaki huwashwa na Arnulfo, na kila mmoja humtajia mwenzake kwa sauti idadi yake. Lakini Florinda haiamini tena peke yake. Wageni wakiingia huweka kiganja juu ya kila kichwa na kutaja namba, wakitoka vilevile, hata mvua iwe ya mawe. Wageni hudhani ni baraka ya Wamaya. Huinamisha vichwa, wengine hufumba macho, juzi mmoja alipiga magoti kwenye tope. Arnulfo humwuliza shemeji yake kwa nini hawaambii ukweli. Florinda hajibu, kwa sababu bado anahesabu, na mpaka mkono wake uguse kichwa cha mwisho huwa hapumui.